Kupiga msasa kwa mashine bila kuharibu mlango wala kidole: mwongozo kamili

Tangu sikukuu ipite nimeletewa milango mitatu ya mninga hapa karakanani kwangu Ngamiani, Tanga, yote ina ugonjwa mmoja. Ikiwa mikavu, mizuri. Ikipata vanishi tu, inachomoza mikwaruzo midogo ya duara, mamia kwa mamia, utadhani mchanga wa pwani uliopitiwa na kaa. Mwenye mlango wa tatu alikuja na kidole gumba kimefungwa kitambaa. Nilipomuuliza, akanijibu, "Fundi, mashine nilikuwa nimeshaizima."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Katika watu niliowaona wakiumia kwa mashine za mkono, wachache waliumia kazi imepamba moto. Wengi waliumia kabla ya kuwasha au baada ya kuzima: wanabadilisha diski, wanavuta waya, wanaiweka mashine chini. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini hazigusi mbao kabisa.

Na jina tulimalize mapema. Vijana huiita sanda. Mimi nitasema mashine ya msasa, maana sanda ninayoijua ni ile nyeupe, na sitaki izoeane na karakana.

## Vinavyohitajika

- Mashine ya msasa ya duara yenye pedi ya milimita 125. Hii ndiyo nitakayoizungumzia zaidi. Ile ya mkanda hula mbao haraka sana. Iache mpaka mkono uzoee.
- Msasa wa namba 80, 120, 180 na 240, wenye matundu yanayolingana na ya pedi yako.
- Barakoa ya kuchuja vumbi, FFP2 au N95.
- Miwani ya kinga iliyozibwa pembeni. Miwani ya kusomea si kinga.
- Vizibo vya masikio.
- Klampu mbili au jiliwa.
- Ekstensheni nzima, isiyo na viungo vya utepe.
- Penseli, brashi laini, kitambaa chenye unyevu, na kopo la bati lenye mfuniko.

Glavu sikuzisahau. Tutazifikia.

## Hatua ya 1: Soma kibati cha mashine kabla ya kugusa plagi

Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya mtumba iliyotoka Japani imetengenezewa volti 100, ya Marekani volti 120. Muuzaji atakuambia "inafanya kazi", na kweli itafanya kazi, kwa dakika chache. Mota itazunguka kasi kuliko ilivyokusudiwa, mlio utakuwa mtamu, utajiona umeokota dodo chini ya mwarobaini, kisha utasikia harufu ya koili inayoungua. Kabla haijaungua, kasi hiyo ya ziada inaweza kuirusha diski. Mashine ya namna hiyo inataka transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati za mashine yenyewe.

Tafuta pia alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Ikiwepo, mashine ina kinga mbili za umeme, haihitaji waya wa ethi. Isipokuwepo, lazima iwe na plagi yenye ethi, na soketi yako iwe na ethi ya kweli. Wanaokata pini ya tatu ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili wanajikatia wenyewe.

Mwisho, chungulia matundu ya hewa ya mota mashine ikizunguka. Cheche ndogo za buluu ni za kawaida. Cheche kubwa za njano zinazozunguka duara zima zina maana kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota, zimekwisha. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa mdomo volti, wati na mizunguko ya mashine yako bila kurudi kuangalia.

## Hatua ya 2: Nyoosha waya

Ekstensheni iliyobaki imeviringwa hupata joto inapobeba mzigo, hata plastiki yake ikayeyuka ndani kwa ndani. Ikunjue yote, hata kama soketi iko hatua tatu tu.

Kwa mashine ya msasa ya wati 300 karibu waya wowote mzima unatosha. Kwa grenda kubwa ya wati 2,000, inayovuta karibu ampea 9, tumia waya wa milimita 1.5 za mraba kwa umbali mfupi, na 2.5 ukivuka mita 30. Waya mwembamba hushusha volti, mashine inachoka, nawe unaanza kuikandamiza. Kosa moja linazaa jingine.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: chumvi. Pini za plagi hupata ukoko wa kijani, zinashika vibaya, soketi inapata moto. Kila mwezi chomoa, sugua pini kwa kipande cha msasa wa namba 240, futa. Wakati wa masika, sakafu ikitota, usifanye kazi. Ikibidi, simama juu ya mbao kavu na viatu vya mpira, na soketi iwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30. Sakiti breka ya kawaida hulinda waya usiungue, haikulindi wewe.

Waya upite begani au nyuma yako, usipite mbele ya mashine hata siku moja.

## Hatua ya 3: Vaa, na vua

Tuanze na kuvua. Ijumaa mtu hutoka msikitini na kanzu yake, anapita karakanani "kumalizia kidogo tu". Kanzu haikai na mashine inayozunguka. Msuli vilevile, shati la mikono mipana, mkufu, saa, ushungi ulioachwa ukining'inia. Kitambaa kikishikwa, mkono wako hauwezi kushindana na mota.

Ndiyo sababu ya glavu kutokuwemo kwenye orodha. Kwa drili, ruta na msumeno wa duara, glavu ya kitambaa ikinaswa hubeba na vidole. Kwa mashine ya msasa hatari ni ndogo zaidi, lakini mkono mtupu unaisikia mashine: joto, mtetemo, msasa uliochanika.

Sasa barakoa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazee wetu wa kazi walipopotezea vifua.

Vumbi unaloliona likianguka miguuni si baya kama lile usiloliona, linaloelea saa nzima baada ya kuzima. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Hiyo ni ya miaka mingi. Ya karibu ni haya: vumbi la mninga huwasha pua na kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, la mvule hufanya hivyo hivyo na kuwasha ngozi juu yake, la mpingo na la mtiki wa Longuza hutoa vipele. Kama kila ukipasua mvule unapata mafua yasiyokwisha, hayo si mafua.

Leso iliyofungwa puani huzuia maranda. Vumbi jembamba hupita. Barakoa ya FFP2 au N95 inafanya kazi ikigusa ngozi pande zote, kwa hiyo ndevu nyingi huiachia mwanya. Ijaribu: ivae, pumua kwa nguvu. Hewa ikikupiga machoni, bana ile waya ya puani tena.

Masikio: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye mita moja akusikie, kelele imezidi. Desibeli 85 ndizo zinazohesabiwa kuwa mpaka kwa siku ya saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu. Grenda huzidi hapo kirahisi.

Umefaulu ikiwa: ukiinama na kujitikisa, hakuna kitu mwilini kinachoning'inia.

## Hatua ya 4: Funga kazi, kisha itafute misumari

Kitu kisichofungwa hukimbia, na mkono unaokishikilia unakuwa mbele ya mashine. Mlango ulale juu ya farasi wawili, yaani vile viegemeo vya mbao vya fundi, klampu pembeni. Kipande kidogo kifungwe kwenye jiliwa na vibao laini viwili.

Pitisha kiganja taratibu, kisha sumaku. Kichwa cha msumari huchana msasa na kuung'oa. Mvule una ujanja wake mwingine: ndani yake huwa na vijiwe vyeupe vigumu, vya chokaa, vilivyojijenga mti ukiwa hai. Ukiona msasa mpya umekwisha katika nusu mita, tafuta jiwe.

Onyo la milango ya zamani. Nyumba za kale za hapa mjini, na za Pangani na Bagamoyo pia, zina milango yenye rangi juu ya rangi. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, ile madini, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Usiipige msasa mkavu. Ilainishe kwa dawa ya kutolea rangi, ikwangue ikiwa mbichi, kusanya magamba yote, na watoto wakae mbali. Nguo za kazi hiyo zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

## Hatua ya 5: Vesha msasa, plagi ikiwa mkononi

Chomoa. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu kidole chako kinapokaza pedi kiko sentimita chache kutoka kwenye swichi hiyo hiyo. Mimi huiweka plagi mfukoni mwa aproni nikibadilisha msasa, ili hata mtu mwingine asiichomeke kwa wema.

Linganisha matundu ya msasa na ya pedi. Yasipolingana, mashine haivuti vumbi, vumbi linabaki kati ya msasa na mbao, na chembe zake ngumu ndizo zinazochora ile mikwaruzo ya duara. Sasa unajua ugonjwa wa milango yangu mitatu ulianzia wapi, angalau nusu yake.

Msasa uliochanika ukingo utupe. Usiukate kwa mkasi "utumike tena".

## Hatua ya 6: Washa, tembeza, usikandamize

Mashine ya duara iweke juu ya mbao kwanza, pedi yote imelala, ndipo uwashe. Ukiiwasha hewani, pedi hupata kasi, na inapotua hung'ata shimo. Ile ya mkanda ni kinyume: iwashe hewani, ishushe polepole ikiwa imelala sawa, iinue kabla ya kuzima. Ukiiweka kwenye mbao kisha ukawasha, itaruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa.

Kabla ya kuanza, chora mistari ya penseli mlango mzima, kimshazari. Hiyo ndiyo ramani yako. Penseli ikifutika yote, sehemu hiyo imekwisha; huna haja ya kubahatisha.

Tembeza mashine polepole, kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa sekunde. Ukipiga hesabu utaona mlango wa mita mbili unachukua zaidi ya dakika moja kwa mkondo mmoja tu. Watu hawaamini. Wanaifagiza mashine kama ufagio, huku na huku, na kila kifagio kinaacha duara zake. Kila mkondo upande juu ya ule uliopita kwa nusu yake.

Na uzito: uzito wa mashine peke yake unatosha. Mkono wako ni wa kuongoza. Ukikandamiza, pedi inaacha kuzunguka kwa uhuru, inabaki kutetemeka mahali pamoja, inachimba, msasa unapata moto na kuziba, mota inahema. Nusu ya pili ya ugonjwa ni hiyo. Kijana mmoja nilimwambia hivi, akasema, "Shikamoo fundi, lakini nisipokandamiza haili." Nikamwitikia marahaba, nikamgeuzia msasa wake: umekuwa laini kama karatasi ya daftari. Msasa ukichoka, mtu huongeza nguvu badala ya kubadilisha msasa.

Pembeni usiiinamishe mashine. Theluthi mbili za pedi zibaki juu ya mbao muda wote, la sivyo kona itaviringika, na kona ya mlango ikishaviringika hakuna dawa.

Vidole vikianza kufa ganzi au kuchonyota, pumzika. Huo ni mtetemo, na ukiuzoea kwa miaka ganzi huwa haiondoki tena.

Umefaulu ikiwa: penseli imefutika sawasawa, na mwanga wa taa ya simu ukiulaza pembeni ya mlango hauonyeshi bonde wala duara.

## Hatua ya 7: Panda namba bila kuruka

80, 120, 180, 240. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukitoka 80 ukaruka hadi 240, zile za 80 zinabaki chini, zimefunikwa, zinasubiri vanishi. Kati ya namba na namba piga brashi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, chora penseli tena.

Baada ya namba ya mwisho, chukua kipande cha msasa huo huo kwa mkono, pitisha kufuata mkondo wa mbao. Dakika tano. Ndizo zinazotofautisha mlango wa duka na mlango wa fundi.

## Hatua ya 8: Zima, halafu subiri

Kuachia swichi hakusimamishi mashine. Pedi huendelea sekunde kadhaa, diski ya grenda zaidi. Yule wa kidole gumba aliiachia swichi, akaiweka mashine kwenye paja, akanyoosha mkono kupangusa vumbi. Ishike mpaka isimame kabisa, ilaze ubavu au mgongo, chomoa, ndipo ushike kitu kingine.

Kosa kubwa la hatua hii limewahi kutokea kwangu mwenyewe, na aibu ni yangu. Tulikuwa tunalainisha vyuma vya geti, grenda imefungwa ile lachi ya swichi isirudi. LUKU ikaisha. Kijana wangu akaiweka grenda mezani kama ilivyo, akaenda kununua umeme. Aliporudi akaingiza zile tarakimu 20, umeme ukarudi, na grenda ikaanza kutembea peke yake mezani. Ilikata waya wake, ikaanguka, ikachimba sakafu karibu na kiti nilichokuwa nimetoka kukikalia kunywa kahawa. Tangu siku hiyo sheria ya karakana ni moja: umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kufungua lachi, la pili kuchomoa, la tatu ndipo kulalamika.

## Hatua ya 9: Vumbi na vitambaa

Usipulize vumbi kwa kompresa, wala usifagie pakavu. Umelikusanya, unalirudisha hewani. Nyunyiza maji kidogo sakafuni, fagia. Nguo zikung'utwe nje, upepo ukiwa mgongoni. Kaskazi na kusi zote zinafaa, mradi usimkung'utie jirani aliyeanika nguo.

Mfuko wa vumbi wa mashine umwage kila siku. Ukipiga msasa chuma kisha ukahamia mbao na mfuko ule ule, cheche moja inaweza kulala ndani ya unga wa mbao na kuamka usiku. Kazi ya chuma iwe upande wake na mashine yake.

Vitambaa vyenye mafuta ya linsidi ni hatari ambayo wengi hawaamini mpaka waone. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kilichofinyangwa kinalihifadhi joto hilo na kujiwasha chenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vitie maji ndani ya kopo la bati, funga mfuniko. Moto ukikushinda, namba ya Zimamoto ni 114.

## Grenda: sehemu fupi, soma mara mbili

Wengi hufunga diski ya msasa kwenye grenda kwa sababu inakula haraka. Inakula kweli. Kwa mbao mimi siishauri, ila kwa kuchonga umbo.

Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski hapo unakwenda takriban kilomita 240 kwa saa. Diski kubwa ya milimita 230 kwa kawaida imeandikwa mwisho mizunguko 6,600. Mtu anaivua kava, anaitia diski hiyo kubwa kwenye grenda ndogo, na ukingo wake sasa unapita kilomita 470 kwa saa, wakati imetengenezwa kuvumilia 288. Ikipasuka haichagui. Kava isivuliwe. Mpini wa pembeni usivuliwe. Diski mpya iache izunguke hewani dakika nzima, wewe na wenzako mkiwa pembeni, si mbele ya mstari wake. Diski ya kukatia usiisugulie ubavu.

## Kitu kikiingia jichoni

Usisugue. Vumbi la kawaida lioshe kwa maji safi yanayotiririka, jicho likiwa wazi, kwa dakika kumi na tano. Kipande cha chuma kilichonasa usikiguse, na usikubali fundi mwenzako akitoe kwa ncha ya kijiti cha kiberiti au pembe ya leso, hata kama alishawatoa wengine kumi. Funika jicho kwa kikombe safi cha karatasi bila kulibana, nenda hospitali, kwetu Tanga ni Bombo, siku hiyo hiyo, na uwaambie kilikuwa chuma au mbao.